Wifi Mtarajiwa Si wa Kupimwa Jikoni

"Lazima tumpime kwanza." Sentensi hii naisikia kwa akina dada karibu kila kaka yao anapoleta mchumba nyumbani, na imenichosha. Kumpima kwenyewe ni kumwita siku ya shughuli, kumkabidhi sufuria la pilau na rundo la vyombo, kisha mawifi wanakaa pembeni kumtazama. Akichelewa kunyanyuka, mvivu. Akichangamka, anajipendekeza. Akinyamaza, ana maringo.

Kipimo hiki hakipimi kitu. Binti yuko ugenini, hajui chumvi inakaa wapi wala nani aanze kuamkiwa. Mnachokiona siku hiyo ni woga wake tu. Matokeo yake nayaona baadaye: wifi hakanyagi ukweni ila kwenye msiba, na familia inalalamika kwamba amewachukulia kaka yao. Hakuwachukulia mtu. Alikuja kwenu, mkamsimamia kama mtahiniwa, na hajasahau.

Ninachosisitiza siku zote ni hiki: ndugu mmoja apewe kazi ya kuwa mwenyeji wake. Ampigie simu kabla hajafika, amweleze baba mkubwa ni yupi, shangazi yupi ana utani mkali, mama anapenda aitweje. Akifika, akae naye. Kama kuna kupika, wapike pamoja, na mwenyeji ndiye atangulie kushika kisu. Mchumba wa dada naye astahiwe vivyo hivyo. Acheni kumwomba vocha na nauli hata barua ya posa haijajibiwa.

"Tusipomkubali, ndoa haifungwi." Si kweli. Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka hiari ya wanaooana wenyewe; wakishakuwa watu wazima, ridhaa ya kaka na dada haimo. Taarifa ya kusudio la ndoa hutolewa angalau siku 21 kabla, na mtu anaweza kuweka pingamizi, lakini kwa kizuizi kinachotambuliwa na sheria, kama vile undugu wa damu wa karibu. Kabila lake au mapishi yake si kizuizi.

"Mahari haijaisha, huyo bado si mke." Kifungu cha 41 cha sheria hiyo kinasema kutotimiza mila ya mahari hakuibatilishi ndoa. Deni ni la kaka yenu. Msimnyime wifi heshima yake kwa sababu ya deni hilo.

"Mambo ya ukoo asiyajue mpaka azoee." Hili ni la hatari. Kama kwenu kuna selimundu (sikoseli), ugonjwa wa damu wa kurithi, aambiwe sasa, na wachumba wote wawili wapime damu kabla ya harusi. Wote wakiwa wamebeba kinasaba chake, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Uamuzi ni wao, ila hawawezi kuamua juu ya jambo mlilowaficha.