Haki jinai ni nini, na anayeisomea chuoni anaishia kazi gani?

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, hakosekani kijana wa Nkuhungu au Chang'ombe hapa Dodoma atakayewaambia wazazi wake kwamba anataka kusomea haki jinai. Mama atadhani mtoto anataka upolisi. Baba, hasa kama amewahi kukaa mahakamani siku nzima kwa kesi ya kiwanja, atadhani ni uwakili. Wote wawili wamegusa sehemu tu ya jambo lenyewe.

Haki jinai ni mfumo mzima unaoshughulikia kosa la jinai, tangu linaporipotiwa hadi aliyetiwa hatiani anapomaliza adhabu na kurudi kuishi na watu. Ndani yake kuna kupeleleza, kushtaki, kusikiliza shauri, kutoa hukumu na kusimamia adhabu, na kila kazi ina mwenyewe kisheria. Jeshi la Polisi linapeleleza, na kwa rushwa na dawa za kulevya wapo TAKUKURU na mamlaka ya dawa za kulevya. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka inaamua kama kuna kesi ya kupeleka mbele. Mahakama inasikiliza, Magereza wanapokea, na Mkemia Mkuu wa Serikali anaitwa pale panapohitajika vipimo. Mwaka 2023 tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilizitazama taasisi hizi zote kwa pamoja, na tangu hapo neno haki jinai limekuwa la kila siku kwenye taarifa ya habari.

Tuchukue pikipiki iliyoibwa sokoni Majengo. Mwenye nayo anakwenda kituoni, anafunguliwa jalada, anapewa namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha kituo. Siku kadhaa baadaye mpelelezi anaikuta gereji. Raia wa kawaida ataona kazi imekwisha, mali imepatikana na mtu amekamatwa. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Inajazwa hati ya ukamataji mali: namba ya chesisi, namba ya injini, mahali ilipokutwa, sahihi ya aliyekutwa nayo na ya shahidi aliyeshuhudia upekuzi. Ikifika kituoni inaingizwa kwenye rejista ya vielelezo, na kila inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine panaandikwa nani kampa nani, lini, kwa sababu gani. Jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na akikuta pengo analirudisha kwa mpelelezi. Mahakamani wakili wa utetezi wala hatahangaika na tabia ya mteja wake. Ataomba hati, asome namba ya chesisi kwa sauti, kisha aombe shahidi aisome ile iliyopo kwenye kadi ya pikipiki. Tarakimu moja ikitofautiana, shahidi anaanza kutoka jasho.

Hapo ndipo penye somo lenyewe. Polisi anafundishwa kazi ya polisi na mwanasheria anafundishwa sheria, lakini kesi nyingi huharibikia katikati, pale kazi ya mmoja inapokabidhiwa kwa mwingine. Anayesoma haki jinai vizuri anasoma makabidhiano hayo: ushahidi unakusanywaje ukubalike, maelezo ya onyo, yaani ya mtuhumiwa aliyeonywa kwanza kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, yanachukuliwaje, dhamana ni nini, kwa nini mtu hutenda kosa, na adhabu gani inamrekebisha. Kwa maoni yangu, kozi isiyomfikisha mwanafunzi mahakamani hata mara moja kusikiliza kesi ikiahirishwa inamwibia ada yake. Hapa Dodoma hakuna kisingizio. Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kipo, na kesi nyingi husikilizwa mahakama ikiwa wazi kwa yeyote anayekaa kwa adabu na kuzima simu.

Kama somo la chuoni lenye jina lake, haki jinai ilikulia Marekani. Mwaka 1967 tume ya rais wa huko ilitoa taarifa kubwa juu ya uhalifu, na sheria ya 1968 ikaleta fedha za kuwasomesha askari walioko kazini. Vyuo vikafungua kozi kwa wingi, hasa vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma vya miaka 2 vyenye ada nafuu, ambapo mtu anasoma jioni akitoka kazini na baadaye anaweza kuhamishia masomo yake chuo kikuu. Hata huko cheti hicho hakimvishi mtu sare. Idara nyingi za polisi humpokea hata aliyemaliza sekondari tu, lakini lazima apite chuo chao cha mafunzo, na kazi ya uangalizi wa wahalifu kwa kawaida hudai shahada.

Kwetu, kinachokaribiana na ngazi hiyo ni astashahada na stashahada zinazosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi. Vyuo vinavyozitoa msivichanganye na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kama Chisalu kule Mpwapwa, ambavyo kazi yake ni stadi na ufundi. Anayetaka njia ya mahakama na sheria kwa ngazi ya cheti hutazama Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto. Anayetaka shahada ya sheria bila kuhama mkoa ana Chuo Kikuu cha Dodoma, ila akitaka kuwa wakili atapita pia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, hilo halina njia ya mkato. Na anayetaka upolisi asubiri tangazo la ajira, lenye masharti yake ya umri na elimu, kisha akaruke kwata Moshi. Stashahada inaweza kumsaidia, lakini haimfutii kwata.

Kazi ambayo vijana wengi hawaijui, nami naiona ndiyo yenye utu kuliko zote, ni ya afisa wa huduma za uangalizi. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inairuhusu mahakama kumpa aliyetiwa hatiani kazi ya jamii badala ya kifungo, pale kifungo kisingezidi miaka 3. Lakini hakimu haamui kwa kumtazama usoni. Afisa anatumwa kuchunguza: anafika kijijini, anaongea na mwenyekiti, ndugu, na aliyekosewa pia, kisha anaandika taarifa. Huyu aliyeiba kuku Bahi ana watoto wangapi? Wenzake wako tayari kuishi naye? Akipewa kufagia zahanati kila asubuhi, nani atasimamia daftari la mahudhurio? Kazi hiyo inataka mtu anayejua sheria kidogo na watu sana, na anayeweza kuandika ukurasa mmoja ulionyooka.

Nje ya serikali zipo kampuni za ulinzi, vitengo vya benki vinavyofuatilia fedha haramu, na mashirika ya msaada wa kisheria, ambayo tangu sheria ya 2017 huwatumia wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Mishahara haifanani hata kidogo, na nafasi za serikali hutangazwa wakati serikali inapoamua, kwa hiyo mzazi asiuze ng'ombe wote kwa kuambiwa kwamba kozi ina soko.

Kabla ya kulipa ada, fungua tovuti ya NACTVET uone kama chuo kimesajiliwa na kama kozi hiyo hiyo, kwa jina hilo hilo, imo. Chuo kinaweza kuwa halali na kozi isiwepo. Anayefikiria kusoma chuo cha jamii Marekani aulize mapema cheti chake kitalinganishwa na ngazi gani akirudi, maana matangazo ya ajira hapa huandika stashahada au shahada, na afisa anayepokea maombi hana muda wa kusikiliza maelezo marefu.