Dumu la alizeti juani na mafuta ya mwilini mwako

Kwa nini mafuta ya alizeti yakikaa juani hubadilika harufu?

Ukitoka Dodoma kwenda Singida utaona madumu na chupa za alizeti kando ya barabara, jua likizipiga tangu asubuhi. Zaidi ya nusu ya mafuta ya alizeti ya kawaida ni asidi ya linoleiki, na katika molekuli yake kuna haidrojeni isiyoshikwa sawasawa. Mwanga au joto likiing'oa, oksijeni hujipachika palepale. Molekuli hiyo sasa huinyang'anya jirani yake haidrojeni, jirani naye huigeukia ya tatu. Huenda hivyo kama moto wa nyasi wakati wa kiangazi. Mwishowe molekuli hukatikakatika, na vipande hivyo ndivyo unavyovinusa, ile harufu ya karanga za zamani.

Mwilini nako hutokea?

Ndiyo, kwa sababu utando wa kila seli umejengwa kwa mafuta. Tunapotumia oksijeni kupata nguvu, sehemu ndogo hugeuka radikali huru, chembe zenye tabia hiyohiyo ya kunyang'anya. Si zote ni adui: chembe nyeupe za damu huzitengeneza makusudi ili kuua vijidudu. Taabu huanza zinapozidi ulinzi wa mwili, hali iitwayo msongo wa oksidi. Sigara, moshi wa kuni na sukari iliyopanda kwenye damu huzichochea. Kolesteroli iliyoharibiwa hivyo humezwa na chembe nyeupe, nazo hujaa mafuta na kukwama kwenye ukuta wa mshipa. Hapo mshipa huanza kuziba.

Basi ninunue vidonge vya antioksidanti, yaani vya kuzuia radikali huru?

Usinunue, tafadhali. Nalisema hili kwa uzito kwa kuwa nimeona watu wakiacha dawa za presha wakaenda kununua vya "kusafisha damu". Huko Finland, wavuta sigara wanaume 29,133 walifuatiliwa kwa miaka kadhaa. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliopewa miligramu 20 za beta karotini, antioksidanti iliyomo kwenye karoti, kila siku walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Utafiti wa aina hiyo Marekani ulisimamishwa kabla ya wakati mwaka 1996. Kinachofaa kikiwa ndani ya karoti si lazima kifae kikikusanywa kwenye kidonge.

Nile nini?

Vyakula vya hapahapa. Alizeti yenyewe ina vitamini E nyingi, takriban miligramu 41 kwa gramu 100 za mafuta, nayo ndiyo hukata ule mnyororo wa kunyang'anyana. Vitamini C ya ubuyu huirudishia nguvu vitamini E iliyokwisha kutumika. Kula mlenda, majani ya kunde, zabibu. Mboga za kuhifadhi zikaushe kivulini, maana jua kali huharibu karotini na vitamini C.

Mafuta ya kukaangia yarudiwe mara ngapi?

Usihesabu mara, yaangalie. Yakiwa meusi, yananata, yanatoa povu au yanafuka moshi upesi, yamwage. Kuyaongezea mapya hakuyaponyi. Nyumbani weka dumu mbali na jiko, limefungwa vizuri. Na ukinunua barabarani, mwombe muuzaji akupe lililokaa ndani ya banda, si lile la mbele la kuvutia wateja.