Kisiki, Sungura na Mkulima wa Song

Kila ninapofundisha nahau ya Kichina isemayo shou zhu dai tu, wanafunzi wangu huwa na jibu moja: inamsema mvivu. Ndivyo inavyotumiwa leo, lakini aliyesimulia kisa chake hakuwa na ugomvi na wavivu.

Maneno yake ni manne, kama ilivyo kwa nahau nyingi ambazo Wachina huziita chengyu: linda, kisiki, ngoja, sungura. Kisa kimo katika maandishi ya Han Fei, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 233 kabla ya Kristo, katika sura iitwayo "Wadudu Watano". Mkulima wa dola ya Song alikuwa na kisiki shambani mwake. Sungura akaja mbio, akakigonga, akavunjika shingo, akafa. Mkulima akaweka jembe chini, akakaa kukilinda kile kisiki akitumaini kupata sungura mwingine. Hakumpata, na Song nzima ikamcheka. (Sisi tuliolelewa kwa hadithi za Sungura mjanja tunabaki tukijiuliza huyu alikuwa wa ukoo gani.)

Mtu huyu, basi, alikuwa na jembe mkononi. Kosa lake ni kulifanya tukio la jana kuwa kanuni ya kesho, na Han Fei anatamka wazi kwamba wanaotaka kuwaongoza watu wa leo kwa siasa za wafalme wa kale wote ni wa jamii ya walinda kisiki. Aliwalenga hasa wanazuoni wa mkondo wa Confucius, waliowasifu watawala wa zamani kama Yao na Shun. Hoja yake ilikuwa ya hesabu: mtu akizaa watoto watano wa kiume, na kila mmoja wao akazaa watano, babu anakuwa na wajukuu 25 kabla hajafa, watu wanazidi, mali inapungua, ugomvi unaanza, na upole uliotosha zamani hautoshi tena.

Kiswahili kina dodo lililookotwa chini ya mwarobaini, lakini msemo huo unaishia kwenye bahati yenyewe, ilhali Han Fei anaanzia hapo. Naye katika hitimisho lake alitaja shou zhu peke yake, yaani kulinda kisiki. Kumngoja sungura kuliunganishwa baadaye, na nadhani hapo ndipo mvivu alipopata nafasi ya kuingia.