Je, wajua kwa nini vidonge vya kuongeza damu vya mama vinaweza kumuua mtoto mdogo?

Mama mjamzito anapotoka kliniki hupewa vidonge vya kuongeza damu, ambavyo nchini Tanzania wengi huviita FEFO. Ndani yake mna madini ya chuma na asidi ya foliki. Uliza nyumbani ni kitu gani cha kuogopa mtoto akikifikia, utatajiwa sumu ya panya, mafuta ya taa, labda na dawa za presha za babu. FEFO hazitajwi. Watu huziweka upande wa chakula kuliko upande wa dawa: mama anameza kila siku na hali yake inakuwa nzuri, basi mtoto akila vichache atapata choo cheusi tu, na huenda damu ikaongezeka.

Imani hiyo si ya kweli, na hesabu yake ni fupi. Kidonge chenye salfeti ya chuma miligramu 200 kina takriban miligramu 60 za chuma chenyewe. Mtoto wa miaka miwili huwa na kilo kama 12. Tumbo huanza kuumia chuma kikifika miligramu 20 kwa kila kilo ya mwili, na kwa mtoto huyu hivyo ni vidonge 4. Kikifika miligramu 60 kwa kila kilo, uhai wenyewe uko hatarini: vidonge 12. Mtoto wa mwaka mmoja mwenye kilo 9 hufika kwenye viwango hivyo kwa vidonge 3 na vidonge 9. Kifuko cha vidonge 30, dozi ya mwezi mmoja, kina miligramu 1,800.

Viwango hivyo ni vya kukadiria. Vimetokana na visa ambavyo mara nyingi hakuna aliyeona mtoto amemeza vingapi, na wako walioumwa sana kwa vichache kuliko hivyo. Ndiyo maana idadi isipojulikana, huhesabiwa kwamba kila kidonge kisichoonekana kimemezwa.

Kinachowapoteza watu zaidi ni neno kirutubishi. Tumezoea kusikia kwamba kirutubishi kikizidi, mwili hukitoa. Kwa vitamini C, na kwa nyingi za kundi B, hilo ni kweli: figo huchuja kilichozidi na kukitoa kwa mkojo. Chuma hakina njia hiyo. Wengine hujipa moyo kwamba mtoto atatema, maana dawa ni chungu. Uchungu upo, lakini umefichwa. Vidonge vingi hupakwa ganda la sukari au la rangi ili mama asikihisi chuma mdomoni, na ganda hilohilo humfanya mtoto aone pipi. Hulamba utamu, humeza kilichobaki, kisha huchukua kingine. Wengine tena hufikiri kuwa dawa ya mjamzito lazima iwe laini, kwa kuwa imepimwa isimdhuru kichanga tumboni. Lakini kipimo hicho ni cha mama. Kidonge kimoja kwa mama wa kilo 60 ni miligramu 1 tu kwa kila kilo, na kabla chuma hicho hakijamfikia aliye tumboni, hupita kwanza kwenye mwili wa mama. Mtoto anayekaribia miaka miwili, mahali ambako upungufu wa damu umeenea sana, hushauriwa apewe miligramu 10 hadi 12.5 kwa siku. Kidonge kimoja cha mama ni kama mara tano ya hapo.

Sasa, mwili unalindaje kiasi cha chuma ikiwa hauwezi kukitoa?

Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 za chuma mwili mzima, nyingi zikiwa ndani ya damu. Kwa siku huingiza miligramu 1 au 2 na kupoteza kiasi hichohicho kwa seli zinazobanduka kwenye ngozi na utumbo, na kwa hedhi. Fikiria ghala lenye mlango mmoja tu wa mbele, lisilo na mlango wa uani. Kilichoingia kimeingia, kwa hiyo usalama wote umewekwa mikononi mwa bawabu wa mlangoni. Bawabu huyo ni ukuta wa utumbo mwembamba, naye hupokea amri kutoka kwenye ini kupitia homoni iitwayo hepsidini. Ghala likiwa na akiba ya kutosha, ini humwagiza bawabu asipitishe. Chuma hubaki ndani ya seli za utumbo, seli hizo hubanduka baada ya siku chache, na kila kitu huondoka na choo. Huu ni utaratibu wa kustaajabisha: mwili hutupa chuma kwa kutupa mlango kiliponasia.

Lakini bawabu amezoea wageni wachache kwa siku. Vidonge 10 vikiyeyuka kwa pamoja, chuma huunguza ukuta wenyewe wa tumbo na utumbo. Bawabu ndiye wa kwanza kuangushwa, na mlango hubaki wazi. Chuma huingia kwenye damu bila kuulizwa. Huko kuna protini iitwayo transferini ambayo kazi yake ni kukibeba salama. Nayo ikishajaa, chuma kinachobaki huzunguka peke yake na kuingia kwenye seli za ini na moyo. Huharibu sehemu za seli zinazotengeneza nguvu, asidi hukusanyika kwenye damu, mishipa huvuja, presha hushuka.

Katika ugonjwa huu kuna kipindi ambacho kila mzazi anapaswa kukijua. Saa 6 za kwanza mtoto hutapika na kuharisha, pengine kwa damu. Kisha, kati ya saa ya 6 na ya 24, huweza kutulia. Kutapika hukoma, hulala, watu hushukuru. Kumbe chuma kimetoka tumboni na kinaingia kwenye viungo. Mshtuko wa mwili na kufeli kwa ini huweza kufuata baada ya hapo. Mtoto aliyetapika mara kadhaa halafu akatulia bado yuko hatarini, na asirudishwe nyumbani kwa sababu ya utulivu huo. Aliyekaa saa 6 bila dalili yoyote kwa kawaida hakupata sumu kubwa, ila kuamua hilo ni kazi ya mhudumu wa afya, kwani vidonge vyenye ganda linalochelewa kuyeyuka havifuati saa hizo.

Kwa hiyo ukikuta mtoto na kifuko kilichofunguliwa, toa vilivyo mdomoni mwake, hesabu vilivyobaki, chukua kifuko na kadi ya kliniki yenye uzito wake, mwende hospitali palepale. Usimtapishe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Maziwa, mafuta ya mawese na mayai mabichi havizimi chuma. Vinakula muda, na mtoto anayesinzia anaweza kupaliwa. Hata mkaa wa dawa unaotumika hospitalini kunasa sumu nyingi haukinasi chuma. Mara nyingi eksirei huonyesha vidonge vikiwa bado tumboni, na huko utumbo huweza kusafishwa. Kwa walio mahututi kuna dawa ya mshipa iitwayo deferoksamini, ambayo hushikamana na chuma na kutoka nacho kwa mkojo, unaogeuka rangi na kuwa wa wekundu hafifu. Ghala hufunguliwa mlango wa uani kwa muda. Dawa hiyo haipatikani katika kila kituo, ndiyo sababu ya kwenda mapema, ili kama ni kupewa rufaa ipatikane kabla ya saa za utulivu kwisha.

Kuhusu kuhifadhi, tatizo huanzia kwenye ushauri mwema. Mama huambiwa asisahau, basi huweka FEFO mezani. Huambiwa ameze usiku akisumbuliwa na kichefuchefu, basi kifuko huishia chini ya mto au kwenye mkoba uliotundikwa kwenye kitasa, mahali ambapo mtoto hufika akiwa amesimama tu. Mjamzito mara nyingi ana mtoto mwingine wa mwaka mmoja hadi mitatu, umri uleule wa kuonja kila kitu, na baada ya kujifungua macho yote huwa kwa kichanga. Utafiti uliofanyika Kanada ulikuta kwamba watoto waliomeza chuma walikuwa zaidi katika nyumba ambazo mdogo wao alikuwa amezaliwa karibuni. Hamisha ukumbusho, si vidonge: weka alamu ya simu, au alama ya kalamu ukutani. Vidonge vikae kwenye kisanduku chenye kufuli, na ufunguo usiachwe kwenye kufuli. Kitoe kidonge kimoja, funga, ndipo umeze. Ukimeza kwanza na mtu akabisha hodi, kisanduku kitabaki wazi.

Kuweka juu peke yake hakutoshi, kwani mtoto wa miaka miwili hupanda kitanda, kisha ndoo, kisha meza. Halafu juu kabisa, kwenye kenchi chini ya bati, joto la mchana hupita nyuzi 30 ambazo dawa nyingi hazitakiwi kuzizidi. Ganda hushikana na vidonge huota madoa ya kahawia. Mahali panapofaa ni rafu ya ukutani juu ya kichwa cha mtu mzima lakini mbali na bati, isiwe karibu na jiko wala bafu.

Vifuniko vya chupa vya kubonyeza na kuzungusha husaidia, ila tusivitegemee kupita uwezo wake. Kwa kipimo cha Marekani, ambako sheria ya vifuniko hivyo ilipitishwa mwaka 1970, hupewa watoto wa miezi 42 hadi 51 kwa dakika 10, na kifuniko hufaulu hata mtoto mmoja kati ya watano akikifungua. Mwaka 1997 nchi hiyo iliagiza vidonge vyenye chuma miligramu 30 au zaidi vifungwe kimoja kimoja, ili mtoto achoke kabla ya kufika vingi. Vifo vilipungua sana, ingawa maonyo kwenye lebo yaliongezwa wakati huohuo na ni vigumu kugawa sifa. Mwaka 2003 mahakama iliitengua amri hiyo. Kwetu vidonge hivi mara nyingi huhesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa na kutiwa kwenye kifuko cha nailoni, ambacho mtoto hukichana kwa meno. Ukipewa vya karatasi za kubonyeza, viache humohumo.

Baadhi ya nchi zimeanza kutoa vidonge vya virutubishi mchanganyiko badala ya FEFO. Kila kimoja kina chuma miligramu 30, nusu ya FEFO, na kwa sababu hiyo huweza kudhaniwa ni salama zaidi nyumbani. Lakini mara nyingi hutolewa kwenye chupa ya vidonge 180, yaani miligramu 5,400 mahali pamoja, mara tatu ya kifuko cha FEFO cha mwezi. Chupa hiyo ikae kwenye kisanduku hichohicho, na vikibaki baada ya muda wa kumeza kwisha, virudishwe kliniki au duka la dawa badala ya kuwekewa ujauzito ujao.