Mwelekeo wa bidhaa na mwelekeo wa soko: biashara yako inaanzia wapi?

Mjomba wangu analima zabibu Mpunguzi, kusini mwa jiji la Dodoma. Ni mkulima hodari, na mizabibu yake huzaa mpaka nyaya zinalegea. Msimu mmoja zabibu zilibaki shambani zikisubiri lori la mnunuzi hadi zikaanza kunyauka na kuliwa na ndege. Nilimuuliza alikuwa amepatana na nani kabla ya kuvuna. Akanijibu, "Mjomba, mimi kazi yangu kulima. Kununua ni kazi yao."

Jibu hilo ndilo mwelekeo wa bidhaa. Mfanyabiashara wa aina hii huanza na kile anachokiweza: anakizalisha, anakiboresha, kisha ndipo anatoka kumtafuta wa kumuuzia. Imani yake ni kwamba kitu kizuri hakikosi mnunuzi. Mwenye mwelekeo wa soko huanzia upande wa pili. Anauliza kwanza nani atanunua, anataka kutatua shida gani, kwa sasa anaitatuaje, na yuko tayari kulipa kiasi gani. Akishajua hayo ndipo anaamua azalishe nini.

Kwenye zabibu tofauti hii inaonekana waziwazi. Zabibu nyekundu za Makutupora, ambazo wakulima wengi wa Dodoma wanazo, ni za mvinyo. Mwenye kiwanda anataka zenye sukari ya kutosha, tena zifike siku ambayo mitambo na matangi yake yana nafasi. Abiria anayenunua kifuko kituo cha basi anataka zabibu tamu ya kula njiani. Mkulima anasema "nauza zabibu", lakini watu hawa wawili hawanunui kitu kimoja. Na kwa kuwa zabibu zikishakatwa hazikai, wapo waliogundua kwamba afadhali wazikamue na kuhifadhi mchuzi wa zabibu kwenye matangi, wawauzie watengeneza mvinyo baadaye. Shamba ni lilelile. Wamebadilisha tu wanachokipeleka sokoni.

Mfano unaotajwa sana ni wa Henry Ford huko Marekani. Gari lake la Model T lilitoka mwaka 1908, na kila alipoongeza uzalishaji aliweza kushusha bei. Kuanzia 1914 hadi 1925 lilitoka kwa rangi nyeusi tu. Wakati huo General Motors walikuwa wakiwapa watu magari ya rangi na hadhi mbalimbali, na mkopo wa kununulia. Mwaka 1927, baada ya magari zaidi ya milioni 15, Ford alilazimika kusimamisha Model T na kuandaa gari jipya. Gari halikuwa limeharibika. Wanunuzi ndio walikuwa wamehama.

Mwaka 1960 Theodore Levitt, msomi wa Harvard, aliandika kwamba kampuni za reli za Marekani ziliporomoka kwa sababu zilidhani biashara yao ni treni, kumbe ilikuwa usafiri. Kwetu hapa gurudumu limegeuka: tangu 2024 treni ya SGR inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa takribani nusu ya muda wa basi, na sasa mwenye basi ndiye anayepaswa kujiuliza anauza nini hasa.

Wengi hukosea wakidhani mwelekeo wa soko ni kutangaza sana. Hapana. Ukizalisha kwanza, halafu ukapiga kelele ili mzigo uondoke, huo ni mwelekeo wa mauzo, na mteja bado umemweka mwisho. Narver na Slater, watafiti wa Marekani, walieleza mwaka 1990 kwamba mwelekeo wa soko una sehemu tatu: kumjua mteja, kumjua mshindani, na idara zote za biashara kufanya kazi kwa taarifa hizo. Hiyo ya tatu ndiyo inayosahaulika. Muuzaji wa dukani anajua wateja wanalalamikia nini, lakini taarifa haimfikii anayeagiza mzigo.

Wala simdharau mwenye mwelekeo wa bidhaa. Mzabibu hukaa ardhini miaka mingi. Huwezi kuung'oa kila uvumi wa soko unapobadilika. Tena mteja hawezi kuomba kitu ambacho hajawahi kukiona, hivyo ufundi wa mzalishaji una nafasi yake. Ninachopinga ni ufundi usiouliza.

Mjomba hakubadilisha mche hata mmoja. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na tarehe ya kupogoa ndiyo huamua tarehe ya kuvuna. Zamani alipogoa majirani walipopogoa, wote wakavuna wiki moja na kugombania malori yaleyale. Sasa, kabla hajashika mkasi, anakwenda kwanza kwa mnunuzi kumuuliza: utazihitaji lini, na tani ngapi?