Je, wajua kwa nini waogeleaji wa njia moja huzunguka?

Simama kando ya bwawa la umma jioni, watu wakishatoka kazini, utazame njia moja tu. Kamba mbili zenye maboya ya plastiki, na kati yake watu watano au sita wanaokwenda na kurudi bila kugongana. Katika bwawa la Olimpiki, lenye urefu wa mita 50, kila njia ina upana wa mita 2.5. Mabwawa mengi ya kawaida yana urefu wa mita 25, na njia zake mara nyingi ni nyembamba kuliko hapo. Watu sita wanaeneaje?

Wanaenea kwa sababu hawaendi na kurudi palepale. Mstari mweusi uliochorwa sakafuni wanaufanya kuwa kama ule mstari wa katikati ya barabara: upande mmoja wa kwendea, upande wa pili wa kurudia. Ukiwatazama kutoka juu utaona duara refu lililobanwa, lisilokatika. Njia ya mita 25 inakuwa mzunguko wa mita 50, na watu sita wakipangana vizuri kila mmoja anapata zaidi ya mita nane za maji yake mwenyewe.

Mimi nilijifunza kuogelea baharini, Tanga, ambako hakuna ukuta wala mstari. Ukikutana na mtu unampisha, basi. Siku ya kwanza kuingia bwawa lenye kamba niliogelea juu kabisa ya mstari mweusi, nikiamini umewekwa kwa ajili hiyo. Katika mashindano ni kweli, kwa kuwa kila mtu ana njia yake na mstari humsaidia kwenda sawasawa. Lakini pale tulikuwa wanne. Nikamgonga bega mama mmoja aliyekuwa anarudi. Alisimama, akaniuliza kama nimeumia, kisha akanionyesha kibao chenye mshale pale ukutani. Tangu siku hiyo kibao ndicho kitu cha kwanza ninachokitafuta.

Kibao ni muhimu kwa sababu dunia haijakubaliana upande. Marekani watu hushika kulia, yaani huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Australia hushika kushoto. Uingereza utakuta jambo linaloshangaza: njia hii inafuata mishale ya saa, ya jirani yake inakwenda kinyume, inayofuata inafuata tena. Si fujo hiyo. Fikiria njia mbili jirani ambazo zote zinashika kulia. Kwenye kamba inayozitenganisha, wa njia ya kwanza anakwenda na wa njia ya pili anarudi, hivyo mikono inayopita juu ya kamba hukutana uso kwa uso. Kila mmoja akiwa na kasi ya mita moja kwa sekunde, vidole hugongana kwa kasi ya mita mbili. Lakini njia zikipishana mwelekeo, walio pande mbili za kamba ileile wanakwenda upande mmoja, na hata mikono ikigusana inakuwa mguso tu. Kwangu mimi huo ndio mpangilio bora kuliko yote, na natamani mabwawa yote yangeuiga.

Penye ugomvi hasa ni kupitana. Anayetoka nyuma anamwona wa mbele yuko taratibu, anachomoka katikati ampite, kama gari linavyoovateki. Tupige hesabu. Wewe unamaliza mita 25 kwa sekunde 20, yaani mita 1.25 kwa sekunde. Wa mbele anatumia sekunde 25, yaani mita moja kwa sekunde. Kila sekunde unamzidi kwa robo mita tu. Ili utoke mita mbili nyuma yake hadi mita mbili mbele yake unahitaji sekunde 16, na katika sekunde hizo umeogelea mita 20. Karibu bwawa zima ulikuwa upande wa wanaorudi! Ndiyo maana waliozoea hupitana ukutani. Unamgusa mwenzako unyayo mara moja, kwa upole. Akifika ukutani anajibana kwenye kona, wewe unageuka na kutangulia. Kuguswa unyayo si tusi, ni kama hodi. Na ukihisi maji yanachemka miguuni pako kila mzunguko, usingoje kuguswa. Mpishe.

Ukutani napo pana ufundi wake. Ukigeukia kwenye kona uliyofikia na kujisukuma moja kwa moja, unamvaa anayekufuata. Kwa hiyo mita chache za mwisho, ukishaona hakuna mtu mbele yako, unakata kuelekea upande wa pili, unagusa ukuta huko na kuondokea huko. Anayepumzika akae kwenye kona, ajishike kando, katikati ya ukuta abakie mtu anayegeuka. Watu watatu wakisimama katikati kupiga gumzo, duara lote limekufa. Anayeanza naye ampe aliyetangulia sekunde tano hivi, asiogelee juu ya miguu yake.

Mitindo nayo haichukui nafasi sawa. Gawanya mita 2.5 kwa mbili, kila upande unabaki na mita 1.25. Mtindo huru, wa kurusha mkono mmoja baada ya mwingine, unatosha humo. Kipepeo, wa kurusha mikono yote miwili kwa pamoja, hautoshi: mtu mzima mwenye urefu wa mita 1.70 akitanua mikono yote miwili hufikia karibu urefu wake huohuo, na mikono hiyo inarushwa kwa nguvu. Njia ikiwa na watu, wapiga kipepeo waungwana hutumia mkono mmoja wanapopishana na mwenzao. Teke la chura, la miguu inayotanuka kando, nalo huchukua nafasi, nalo huuma. Anayeogelea chali haoni aendako. Bendera zinazoning'inia juu ya bwawa ziko mita tano kabla ya ukuta, na yeye huhesabu mizunguko ya mikono kuanzia hapo ajue ukuta umefika.

Kamba zenyewe zinastahili shukrani. Adolph Kiefer, Mmarekani aliyeshinda dhahabu ya mita 100 chali katika Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, miaka ya 1960 alibuni kamba za maboya yanayovunja mawimbi. Maboya hayo yana umbo la visahani; wimbi likivigonga vinazunguka, na nguvu yake inaishia hapo badala ya kuvuka hadi kwa jirani. Basi usizikalie wala kuning'inia juu yake. Zikilegea, zinaingia kwenye nafasi ya watu.

Jambo moja bado: mtu wa tatu. Wawili wakiwa peke yao huweza kugawana njia, huyu kushoto na yule kulia, bila kuzunguka. Akiingia wa tatu kimyakimya, wale wawili hawajui kwamba mpango umebadilika, na hapo ndipo vichwa hugongana. Kaa ukingoni, tumbukiza miguu kwenye kona, ngoja wote wawili wafike na wakuone. Waambie, "Tuzunguke?" Wakiitikia, ingia kwa miguu, usiruke.