Kwa nini mionzi haitolewi yote siku moja

Mgonjwa wa saratani ya shingo ya kizazi anayetoka Bagamoyo kwenda kuchomwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, hupangiwa Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tano hivi. Apande basi la Makumbusho alfajiri, aunganishe daladala, akae foleni, na kwenye mashine yenyewe amalize dakika chache tu. Ndiyo maana akina mama wa huku huniuliza: "Mwanangu, si wangenichoma yote siku moja nikapumzika?"

Jibu la swali hilo ndilo tunalolishughulikia kila siku maabara.

Kila seli ina DNA, yaani maelekezo ya urithi yanayoiendesha, mfano wa kamba iliyosokotwa kwa nyuzi mbili; ukiinyoosha hufika kama mita 2. Kamba hiyo huharibika maelfu ya mara kwa siku, hata bila mionzi. Kinachotuokoa ni protini zinazoipitia na kuiunga, kama mvuvi anavyokaa mchangani kushona nyavu zake. Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015 kwa kueleza jinsi protini hizo, mafundi wa kamba, zinavyofanya kazi.

Mionzi huua saratani kwa kuikata kamba hiyo. Dozi ya kawaida ya siku, grei 2 (grei ni kipimo cha mionzi), hukata uzi mmoja mahali kama 2,000 katika kila seli, na nyuzi zote mbili mahali makumi kadhaa. Uzi mmoja ukikatika, ule mwingine bado umeshika. Zikikatika zote mbili, seli iko hatarini.

Sasa fikiria kibofu na utumbo, majirani wa uvimbe, ambao nao hupata sehemu ya mionzi. Seli zao zenye afya zikipewa usiku mmoja huunga sehemu kubwa ya palipokatika. Seli nyingi za saratani zimepoteza baadhi ya mafundi, hivyo kunakucha kazi haijaisha na dozi nyingine inakuja. Mionzi yote ingetolewa kwa mkupuo, majirani hao wangeumia vibaya. Dripu ya kila wiki ya sisiplatini, dawa ya saratani, huongeza ugumu: hufunga nyuzi za kamba mafundo ambayo mafundi huhangaika kuyafungua.

Kipande cha nyama tunachoomba kwa mgonjwa hutuonyesha fundi gani hayupo. Uvimbe uliopoteza BRCA1 au BRCA2, mafundi wawili wa kuunga nyuzi zote mbili zilizokatika, huishi kwa kuegemea protini nyingine, PARP. Dawa ya olaparibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa saratani ya ovari, huizuia PARP. Seli zenye afya husalimika, ile ya saratani hufa.

Lakini siku za mionzi zikirukwa, seli za saratani zilizobaki nazo huzaliana. Matibabu yote, pamoja na mionzi ya ndani (chanzo cha mionzi huwekwa ndani ya mwili, karibu na uvimbe), hulengwa yaishe ndani ya wiki 8. Nauli ikikwama, mwambie muuguzi au ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla siku haijapita.